Mashavu Mawili ya Mtofaa

Ilma Kettunen aliingia na theluji mabegani,
akaweka bastola juu ya benchi langu, silinda wazi,
vyumba sita vitupu kama ufizi wa mtoto.
"Haapala," akasema, "mpini huu unanikimbia."
Akavua glavu.

Cha pete na cha mwisho vilibaki na Januari,
usiku pikipiki yake ya theluji ilipozimika
katikati ya mitego ya mbweha.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Yeye ana vitatu: gumba,
cha shahada ambacho kazi yake iko kwenye kilimi,
na cha kati, peke yake, kikibeba chuma chote.

Sikuuliza mengi.
Miaka arobaini nimetengeneza meno ya bandia
kwa wachimba chuma wa kaskazini mwa Minnesota,
na mtu aliyekwisha kukufunulia kinywa
humwongezei maswali.

Nikayeyusha nta, ile ile ya waridi,
nikaifinyanga kwenye kiunzi cha mpini.
"Shika. Usibane.
Shika kama siku ambayo huna haraka."
Nta ikapoa na kiganja chake ndani:
kovu la kisu, mkunjo wa gumba,
na pale pa vile viwili, uvimbe laini,
kama pengo lililokwisha kuzoea.

Mbao niliitoa chini ya ngazi.
Mtofaa. Aune aliupanda nyuma ya sauna.
Nilimwambia huku hauishi;
ukaishi miaka kumi na tisa, kwa ukaidi,
ukizaa matofaa machungu
tuliyoyala kwa heshima.

Shavu la kwanza nililiharibu.
Kekee iliteleza nje ya alama ya skrubu,
ufa ukatembea hadi ukingoni.
Nikalitia jikoni. Lilinukia.

Shavu la pili, mkono ukienda kwa mazoea,
nikachimba mabonde matatu ya vidole,
kisha nikasimama na tupa hewani.
Moja la Ilma.
Mawili ya nani?

Nikaanza upya, bonde moja tu.
Penginepo niliiacha mbao nene, ijae nafasi,
jinsi jino la bandia linavyokaa mahali pake
si kwa ajili ya tabasamu
bali ulimi usipotee njia.
Mchonga mwiko huukimbiza mkono wake;
mimi nachonga nikiufuata mkono wa mtu,
nachonga, napima kwenye nta, narudi,
unywele mmoja zaidi, narudi.
Msasa wa mia mbili ishirini. Wa mia nne.
Mafuta ya kitani, kwa kiganja, si kwa kitambaa,
mpaka mti ukatoa wekundu wake uliofichika.

Kwenye droo ya chini nina nusu ya mji huu katika plasta.
Taya la mchungaji. Mataya ya ndugu wawili
wasiosalimiana, yamelala bega kwa bega.
Na la Aune, juu na chini,
na lile jino lililompanda mwenzake
ambalo alinikataza kulinyoosha.
Hilo nalijua hata gizani.
Kiganja chake sina.
Miaka thelathini na sita nilikishika,
nta ikiwa mezani.

Ilma alirudi Alhamisi.
Akakagua silinda, akaelekeza mtutu sakafuni,
akafunga vile vitatu juu ya mtofaa,
akanyamaza kidogo.
"Umetulia," akasema. Kisha, "Shilingi ngapi?"
Ni mzaha wa baba yake, hapa hakuna shilingi.
Nikataja bei ya mbao na skrubu.
"Na nta uniachie."
"Ya nini?"
"Ya kumbukumbu ya kazi," nikasema,
na masikio yakaniwaka.

Iko dirishani, mbali na jiko.
Usiku mwingine, taa zikizimwa,
naingiza mkono wangu humo.
Haunitoshi, bila shaka.
Vidole vyangu viwili vya mwisho
havipati pa kulala.